Bwana ana 59, mimi 27: viza itatoka?

MASWALI YA WASOMAJI

Barua nne za safari hii zinagusa jambo moja: bwana na bibi waliopishana sana kwa umri, mmoja yuko Ulaya au Kanada, mwingine anangojea viza hapa Lubumbashi. Tumefupisha barua na kuondoa majina.

*Nina miaka 27, ninakaa Kampemba. Bwana yangu ana 59. Ni mtu wa hapa hapa Katanga aliyeenda Ubelgiji zamani, sasa ni Mbelgiji na anakaa Liège. Alitoa mahari mbele ya wazee, kisha tukaandikisha ndoa komini mwaka jana, mwezi wa nane. Dosiye iko kwa Wabelgiji. Watu wananiambia miaka 32 kati yetu ni mingi mno, itapelekwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na kukataliwa. Ni kweli? — Bibi wa Kampemba*

Dada, hakuna sheria ya Ubelgiji inayosema miaka kumi inapita na thelathini inazuiwa. Kinachosomwa ni kifungu cha 146 bis cha Kanuni ya Kiraia ya zamani. Kinasema hakuna ndoa ikiwa mchanganyiko wa mazingira unaonyesha wazi kwamba angalau mmoja wenu hakutafuta maisha ya pamoja ya kudumu, alitafuta tu faida ya makazi. Neno la kushika hapo ni "mchanganyiko". Waraka wa serikali yao wa Desemba 17, 1999 unataja dalili zinazotazamwa: wawili wasioelewana lugha, waliofunga ndoa bila kuonana kwanza, mmoja anayeishi na mtu mwingine, kutojua kazi ya mwenzako, kusimulia tofauti namna mlivyokutana, fedha iliyoahidiwa, mtu wa kati aliyewaunganisha. Tofauti kubwa ya umri nayo imo, mstari mmoja kati ya mistari hiyo. Basi chukueni karatasi, ninyi wawili, mhesabu: tukiacha umri, tuna mistari mingapi mingine? Dosiye yenye umri peke yake husimama. Ile yenye umri, ndoa iliyofungwa siku tisa baada ya kuonana mara ya kwanza, na shangazi aliyewaunganisha kwa malipo, hiyo inayumba.

Jueni pia nani anaamua. Anayepokea karatasi dirishani anapokea tu na pengine kukuhoji. Uamuzi unatoka Brussels, kwenye Ofisi ya Wageni, na wao wakiwa na shaka ndio wanaoomba maoni ya parke. Kwa hiyo kupelekwa parke hakumaanishi mmekataliwa, ingawa ni kweli miezi itaongezeka. Bwana anaweza kuitwa na polisi wa kwao Liège akaulizwa maswali yale yale uliyoulizwa wewe, kisha majibu yanawekwa sambamba.

Sasa karatasi. Kosa kubwa la dosiye za umri tofauti ni kujaza risiti za Western Union. Mtu analeta risiti arobaini na picha sita. Yeye anaona ameonyesha upendo, msomaji wa Brussels anaona mzee anayelipa na binti anayelipwa. Risiti ziwekwe, lakini zisitangulie. Mbele kabisa weka kurasa mbili mlizoandika wenyewe, kwa Kifaransa chenu cha kawaida, zenye tarehe: mlijuana lini na kupitia nani, alikuja mara ngapi, alifikia wapi, wazazi walimpokea lini, mahari ilitolewa siku gani na nani walikuwepo. Katika kurasa hizo utajeni umri wazi, kwa tarakimu, na mseme familia ziliuchukuliaje. Kama baba yako alikataa kwanza halafu akakubali, andikeni hivyo. Afisa ameshaona tarehe zenu za kuzaliwa kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu. Mkinyamaza, atadhani mnaona haya.

Baada ya kurasa hizo weka mihuri ya paspoti yake ya uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa, tiketi, na barua ya mahari yenye saini za wajomba wa pande zote mbili. Picha zitoshe ishirini hivi, kila moja na tarehe, mahali na majina ya walioonekana. Zipendelee zile zenye watu wa upande wake. Watoto wake wakubwa, dada zake, rafiki zake wa kazini, wanakujua? Harusi ya mzee wa miaka 59 ambayo haina hata ndugu yake mmoja ni dalili wanayoitafuta. Kama ndugu zake wote wako Ulaya na hawakuweza kuja, mmoja wao aandike barua, aambatanishe nakala ya kitambulisho. Mazungumzo ya WhatsApp, chagua kurasa mbili au tatu za kila mwezi tangu mlipoanza. Zima ule mpangilio wa meseji kujifuta baada ya siku saba. Watu wengi huukumbuka siku ya kutafuta ushahidi, na hapo hakuna cha kupata.

Tuseme kidogo juu ya tarehe ya kuzaliwa, maana hapa ndipo dosiye za kwetu hufia. Wengi tuna tarehe mbili au tatu: moja kwenye kadi ya mpiga kura, moja kwenye diploma, moja kwenye paspoti, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuandikwa kwa wakati na baadaye tukapata hukumu ya tribinali badala yake. Mtu akiona pengo la miaka 32 anashawishika: nitapata hukumu mpya, nijiongezee miaka mitano, litapungua. Usithubutu. Hukumu hiyo ina tarehe yake ya kutolewa. Ikionekana imetolewa mwezi mmoja kabla ya ndoa, na kadi yako ya zamani ina mwaka mwingine, umebadilisha shida ya umri, ambayo inaelezeka, kuwa shida ya karatasi ya uongo, ambayo haielezeki. Kama tarehe zinagongana kwa makosa ya kweli, omba tribinali irekebishe kabla ya kuweka dosiye na uambatanishe ile ya zamani na ile mpya, pamoja na maelezo ya mistari mitano. Kama umeshaweka, usirekebishe kimya kimya, peleka maelezo.

Mahojiano. Usitegemee maswali ya rangi ya pazia. Kwa watu waliopishana umri kama ninyi, afisa huenda moja kwa moja kwenye mambo ambayo umri huleta. Watoto wake ni wangapi, majina yao, yupi anakuzidi wewe miaka? Aliachana lini na bibi wa kwanza, na kwa nini? Anakunywa dawa gani? Mmezungumza juu ya kuzaa? Akistaafu mtaishi kwa nini? (Kule umri wa pensheni ulipanda kuwa 66 Februari 2025 na utakuwa 67 mwaka 2030; mtu wa umri wa bwana wako anahesabiwa kwa 67, kwa hiyo ana miaka minane ya kazi mbele yake. Jibu la namna hiyo linaonyesha mlikaa mkalizungumza.) Anayejibu "anakunywa vidonge vya tansiyo, kimoja asubuhi, lakini anasahau, ninampigia kumkumbusha" ameshamaliza kazi. Msikariri pamoja. Majibu mawili yanayofanana neno kwa neno yanatia shaka kama majibu mawili yanayopingana. Usipojua, sema hujui. Hakuna bibi anayejua mshahara wa bwana hadi senti ya mwisho.

Jambo la mwisho kwako: kagua tarehe ya talaka yake. Kama hukumu ya talaka ilikuwa bado haijawa ya mwisho siku mliyoandikisha komini, tatizo lenu si umri tena, ni ndoa mbili kwa wakati mmoja, na hilo anzeni kwa avoka.

*Mimi ni kijana wa Ruashi, miaka 30. Bibi yangu ana 52, ni mkaaji wa kudumu wa Kanada, yuko Ottawa, ana watoto wawili wakubwa. Tulifunga ndoa hapa, komini, yeye akiwepo. Rafiki zangu wananipa mashauri mawili: niandike kwamba tutazaa watoto, na nisimtaje binti yangu wa miaka mitatu niliyezaa kabla, ili dosiye iwe safi. Nifanye nini? — Kijana wa Ruashi*

Kaka, mashauri yote mawili ni mabaya, na la pili linaweza kukugharimu mtoto.

Tuanze nalo. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 117(9)(d), zinamtoa katika kundi la familia mtoto ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati mzazi wake alipoomba makazi. Maana yake: ukimficha leo, kesho ukiwa Ottawa na kibali mkononi, kwa kawaida huwezi kumfadhili aje kwako. Tena kuficha ni kudanganya kwenye maombi, na kibali chako mwenyewe kinaweza kunyang'anywa baadaye. Mtoto anatajwa hata kama anakaa kwa mama yake, hata kama haendi popote sasa. Atapimwa afya, mama yake atatia saini karatasi zinazotakiwa, basi. Ni usumbufu wa wiki chache. Na hilo la dosiye kuwa "safi" tunalishangaa: kijana wa miaka 30 mwenye mtoto ni jambo la kawaida kabisa, afisa halioni kuwa doa.

Kuhusu kuzaa: bibi ana 52. Afisa anajua hesabu. Ukiandika kwamba mnapanga watoto watatu, umempa sababu ya kuamini kwamba hamjawahi kuongea. Andikeni mlilokubaliana kwa kweli. Kama mmeamua hamtazaa, semeni hivyo, na mseme wazazi wako walilipokeaje, hasa ukiwa kijana wa pekee wa kiume. Hapa ndipo ndoa za mwanamke mkubwa zinapochunguzwa zaidi kuliko za mwanaume mkubwa. Hatusemi ni haki, tunasema ndivyo ilivyo. Afisa anajiuliza: katika jamii ya huyu kijana, ndoa kama hii ni ya kawaida? Familia yake imeikubali, au hata haijaambiwa? Mkwe na mkamwana ambao pengine walisoma darasa moja wakikaa pamoja kwenye picha moja, wakimenya mihogo barazani, hiyo picha ina uzito kuliko picha kumi za hotelini. Baba au mama aandike barua fupi, aitie saini mbele ya notari. Ikiwa ni ya Kiswahili, itafsiriwe Kifaransa au Kiingereza, na tafsiri iambatane na kiapo cha mtafsiri. Sharti hilo linagusa pia meseji zenu za Kiswahili, kwa hiyo chagueni chache zenye maana badala ya kuchapisha kurasa mia tatu mkazilipia tafsiri.

Elewa kipimo chenyewe. Kifungu cha 4(1) cha kanuni hizo hizo za Kanada kina sehemu mbili, na tangu Septemba 2010 moja peke yake inatosha kuwaangusha: ndoa si ya kweli sasa, au ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata faida ya uhamiaji. Ile ya pili inatazama siku ya harusi, haitazami leo. Ndiyo maana ushahidi wa kabla ya ndoa una thamani kuliko ule wa baada. Mnaweza kupendana kweli kweli sasa, lakini kama mwezi mmoja baada ya kujuana ulimwuliza kuhusu karatasi na miezi miwili baadaye mkafunga ndoa, mtashindwa kwenye sehemu hiyo. Kwenye fomu IMM 5532, ile ya kueleza uhusiano, jazeni sehemu ya mlivyokutana na mambo yaliyotokea kabla ya harusi kwa urefu. Nafasi ikiisha, ongezeni karatasi. Wengi huandika mistari miwili: "Tulikutana Facebook. Tulipendana." Hayo si maelezo.

Bibi naye ajue anachotia saini. Anaahidi kukutunza kwa miaka 3 tangu siku unapopata makazi, na ahadi hiyo haifutwi na talaka. Kwa upande wako, ukishaingia kama bwana aliyefadhiliwa, huwezi kumfadhili bibi mwingine kabla ya miaka 5 kupita. Kanuni hiyo ni ya Machi 2012, na iliwekwa hasa kwa ajili ya wanaume na wanawake wanaoingia kwa mlango mmoja na kumfungulia mwingine. Ile ya kukaa pamoja miaka miwili kwa masharti ilifutwa Aprili 2017. Anayekutisha nayo amepitwa na wakati.

*Binti yangu ana miaka 19. Kuna bwana wa miaka 46 yuko Kanada, mtu mwema, familia yake tunaijua. Hawezi kupata likizo. Wajomba zake wanataka kuleta mahari, yeye awepo kwa video, halafu komini waandikishe kwa mwakilishi. Itakubaliwa? — Mama wa Katuba*

Mama, mahari pokeeni mkitaka, hiyo ni ya kwenu. Lakini ndoa yenyewe isifungwe namna hiyo. Tangu Juni 11, 2015, Kanada haimhesabu kama bwana au bibi mtu aliyefunga ndoa huku mmoja wao hayupo mwili wake mahali pale, iwe kwa mwakilishi, kwa simu au kwa intaneti. Karatasi ya komini hata ikiwa halali hapa, kule itarudi. Mbaya zaidi, mkishaandikisha hivyo hamwezi kuandikisha tena kirahisi, maana kwa sheria ya hapa wameshaoana. Angojee likizo, aje hata siku kumi, wasimame wote wawili mbele ya afisa wa eta-sivili, yule anayeandikisha ndoa, na paspoti yake igongwe muhuri wa kuingia na kutoka.

Umri wa 19 unatosha kwa Kanuni ya Familia ya Kongo, inayotaka 18 kwa wote, na kwa Kanada vilevile. Kama mchumba angekuwa Mbelgiji ingekuwa habari nyingine. Kule kwa kuungana na Mbelgiji wote wawili hutakiwa kuwa wamefika 21. Ila mama, jambo moja umeliruka katika barua yako: binti mwenyewe anasemaje? Afisa atamwuliza akiwa peke yake, nawe hutakuwepo chumbani. Bwana wa miaka 46 ambaye binti hajawahi kumwona kwa macho, aliyechaguliwa na wajomba, ni dosiye ambayo hata sisi tungeitilia shaka. Waonane kwanza.

*Tumekataliwa Ubelgiji. Barua inasema ndoa haitambuliwi. Mtu mmoja anayetengeneza dosiye ananiambia nilipe dola 1,500, atapata hati mpya ya ndoa yenye tarehe ya zamani, tuanze upya. — Msomaji wa Kamalondo*

Usimlipe. Kule ndoa ya makaratasi ni kosa la jinai tangu sheria ya 2006, na hati yenye tarehe ya kubuni itawafanya muonekane hivyo hata kama ndoa yenu ni ya kweli. Ile ya kwanza wanayo kwenye kompyuta.

Soma barua ya kukataliwa pole pole na utenganishe mambo mawili. Kukataliwa viza kunapelekwa kwa Baraza la Mashauri ya Wageni huko Brussels, na muda ni siku 30 tangu mlipojulishwa. Lakini baraza hilo haliamui kama ndoa yenu ni ya kweli. Kutotambuliwa kwa ndoa ni kazi ya tribinali ya familia ya Ubelgiji, na hapo ndipo hoja za umri, mahari na mashahidi zinasikilizwa kwa undani. Wengi huenda mlango wa kwanza peke yake, wanashindwa, wanadhani yamekwisha. Bwana atafute avoka wa kwao anayefanya kazi za uhamiaji. Kama kipato chake ni kidogo aombe msaada wa kisheria wa bure. Kila baraza la mawakili kule lina ofisi yake. (Kwa Kanada ni tofauti: anayekata rufaa ni yule aliyefadhili, nako ni siku 30.)

Ombeni nakala ya dosiye yote, pamoja na maandishi ya mahojiano yenu wawili. Yawekeni kando kwa kando na kalamu nyekundu. Mara nyingi kinachoitwa "kupingana" ni kwamba wewe ulihesabu ndoa tangu siku ya mahari, bwana akahesabu tangu siku ya komini. Hilo linajibika kwa barua ya mahari yenye tarehe na saini za wajomba. Itafuteni kabla siku thelathini hazijaisha.